Melanoma: saratani ya ngozi inayojificha unyayoni

Fundi wa Keko akikanyaga msumari hashtuki. Anauchomoa, anamwagia spiriti, anarudi kwenye randa yake. Kwenye mitaa ile ya makochi na vitanda pale Temeke, ambako watu wanashinda na kandambili juu ya maranda na vipande vya mbao, unyayo wa mtu una alama za kila aina. Siku likitokea doa jeusi, maelezo yapo tayari: "Ni ule msumari wa mwaka jana."

Mara nyingi ni kweli. Lakini doa jeusi unyayoni, linalokua taratibu na haliumi, linaweza kuwa melanoma, saratani ya ngozi yenye hatari kubwa. Na kama utapona au la, hilo linategemea sana kitu kidogo mno: kimo cha uvimbe, kwa milimita, siku ulipokatwa.

Melanoma ni nini?

Ni saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kila binadamu anazo, mweupe kwa mweusi.

Wengi wetu tunaamini saratani ya ngozi ni ya wazungu na watu wenye ualbino. Kuna ukweli ndani yake. Jua kali ndilo chanzo kikubwa cha melanoma kwa wazungu, na wenye ualbino hupata sana saratani za ngozi kwa sababu ya jua, ingawa kwao aina inayoongoza ni nyingine, si melanoma. Ila kwa mtu mweusi melanoma haifuati jua. Inakaa mahali ambapo jua halifiki: unyayoni, kiganjani na chini ya kucha.

Mwaka 2012 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 154 wa saratani za ngozi waliotibiwa hospitalini hapo. Melanoma ndiyo iliyoongoza, na miguu ndiyo iliyoathirika zaidi. Yaani saratani tunayodhani si yetu ndiyo iliyokuwa nyingi kuliko nyingine zote pale.

Bob Marley naye alikuwa nayo. Mwaka 1977 ilikutwa chini ya kucha ya kidole cha mguu, kidole alichokuwa ameumia akicheza mpira. Hakukubali kidole kikatwe. Alifariki Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36. Watu husema mpira ndio uliomuua, lakini jeraha kuleta melanoma halijathibitishwa. Watafiti wa Japani mwaka 2016 walionyesha kuwa unyayoni melanoma hutokea zaidi sehemu zinazobeba uzito wa mwili, kama kisigino. Hiyo ni dalili tu, bado si jibu.

Kampala walishaanza zamani

Hii wengi hawaijui. Utafiti muhimu wa melanoma ulifanyika jirani tu hapa, Makerere. Mwaka 1967 mtafiti M. G. Lewis aliandika kuhusu melanoma nchini Uganda, akaihusisha na madoa meusi ya unyayoni. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake wakaeleza jambo la ajabu zaidi: damu ya baadhi ya wagonjwa ilikuwa na kingamwili zilizopambana na seli za uvimbe wao wenyewe. Zilionekana kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa bado sehemu moja. Kwa wale ambao ulikuwa umesambaa, hazikuonekana.

Kwa hiyo kinga ya mwili ilikuwa inapigana, na mahali fulani ikawa inashindwa. Nusu karne baadaye wazo la kuiamsha kinga hiyo ndilo lililobadilisha tiba yote, na mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya namna hiyo.

Milimita moja ina maana gani?

Mwaka 1970 Alexander Breslow, daktari wa patholojia huko Marekani, alipima jambo rahisi: kutoka juu ya ngozi hadi seli ya saratani iliyo chini kabisa ni milimita ngapi? Akaona namba hiyo inatabiri hatima ya mgonjwa kuliko upana wa doa. Hadi leo inaitwa kipimo cha Breslow.

Uvimbe usiozidi milimita 1 ni mwembamba. Unaozidi milimita 4 ni mnene. Katika takwimu za wagonjwa zaidi ya 46,000 zilizotolewa mwaka 2017 kutoka vituo vya Marekani, Ulaya na Australia, wenye uvimbe mwembamba kabisa usio na kidonda walikuwa hai baada ya miaka 5 kwa kiwango cha 99 kati ya 100, ukihesabu vifo vya melanoma pekee. Uvimbe mnene wenye kidonda, hata kama haujafika kwenye tezi, walikuwa 82. Ukishaingia kwenye tezi (ile mitoki ya kinenani, kwa ugonjwa wa mguuni) tofauti inakuwa kubwa: kutoka 93 kwa walio na dalili chache hadi 32 kwa walio hali mbaya zaidi.

Hizo si namba za Temeke. Kule mgonjwa wa kawaida anafika na doa, huku wengi wanafika na kidonda kinachonuka na mtoki umevimba. Hata Marekani kwenyewe, wagonjwa weusi wanaofikisha miaka 5 ni karibu 70 kati ya 100, wakati kwa weupe ni zaidi ya 90. Sababu kubwa ni kuchelewa kugunduliwa. Melanoma ya unyayoni pia ina tabia yake ya ukaidi, lakini kuchelewa ndiko tunakoweza kukushughulikia.

Dawa zipo?

Tiba ya kwanza ni kisu. Uvimbe unaondolewa pamoja na ngozi nzima ya pembeni, sentimita 1 hadi 2 kutegemea unene. Zamani mitoki yote ilikuwa inatolewa pia ikikutwa na ugonjwa. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuifuatilia kwa ultrasaundi hakupunguzi maisha, na miguu mingi imeepushwa na uvimbe wa kudumu.

Kwa ugonjwa uliosambaa, kabla ya 2011 wagonjwa wengi hawakumaliza mwaka. Kisha zikaja dawa za dripu za kuamsha kinga. Jaribio moja la wagonjwa 945 lilitoa matokeo ya miaka 10 mwaka 2024: kati ya waliopewa dawa mbili pamoja, 43 kati ya 100 walikuwa bado hai. Si mchezo. Ila wengi wao walikuwa watu weupe, na kwa melanoma ya unyayoni dawa hizi huwa na nguvu pungufu. Bei yake nayo ni ya kutisha. Kwa mtu wa Keko, doa la milimita 1 lililokatwa mapema lina thamani kuliko dripu hizo zote.

Uangalie nini?

Kaa chini, geuza unyayo kwenye mwanga. Doa linalobadilika umbo, lenye rangi zisizolingana, kingo zisizoeleweka, au lililozidi milimita 7 (karibu upana wa penseli) lionyeshe kwa daktari. Wanaokusugua miguu na kupaka rangi kucha mtaani wanaona unyayo wako kuliko wewe, kwa hiyo wakikwambia kuna kitu, usiwapuuze.

Mistari meusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi. Mstari ulio kwenye kucha moja tu, unaozidi kupanuka, au weusi uliovuka hadi ngozi ya pembeni, hiyo ni habari nyingine. Na si kila melanoma ni nyeusi. Nyingine ni kinyama chekundu au kidonda kisichopona ambacho mtu anakiita cha kisukari mwaka mzima.

Kosa baya kuliko yote ni kulikwangua kwa wembe au kulichoma kwa dawa. Ukishafanya hivyo, hata kama kuna saratani, kipimo cha milimita hakipatikani tena, na daktari anabaki anakisia.

Anzia zahanati au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, ambako unaweza kupewa rufaa ya Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Uvimbe ukikatwa, hakikisha umepelekwa maabara ya patholojia, usitupwe. Majibu yakirudi, uliza maswali matatu: una milimita ngapi, una kidonda, na kingo zilizokatwa ni safi? Omba nakala ya karatasi hiyo uitunze pamoja na kadi yako ya kliniki, maana kila daktari atakayekuona baadaye ataanza kwa kuiulizia.