Picha haina harufu ya moshi: Makumbusho katika zama za simu

Hivi majuzi nilikuwa mjini Isiolo kwa shughuli za utafiti. Kijana wa bodaboda aliyenibeba kutoka stejini alitaka kujua kilichonileta. Nilipomwambia kwamba ninafuatilia habari za vyombo vya kale na namna vinavyohifadhiwa, alinicheka kwa adabu.

“Prof, makumbusho ya nini siku hizi? Si kila kitu kiko kwa simu?”

Sikumjibu papo hapo. Swali hilo nimeulizwa na wanafunzi wangu pia, na nina hakika huulizwa katika vikao vya kupanga bajeti. Ikiwa picha ya mtungi yaweza kuonekana bure mtandaoni, ya nini kujenga nyumba, kuajiri walinzi na kuwalipa wataalamu?

Kijana yule alinipeleka kwa nyanya yake, ambaye yeye humwita ‘akko’ kwa Kiborana. Bibi huyo ana umri wa miaka sabini na ushei. Baada ya chai, alitungua ukutani chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, cheusi kwa kufukizwa moshi miaka na mikaka. Akanipa nikishike.

“Hiki kilikuwa cha mama yangu,” alisema. “Kiliingia Daaba kikiwa na maziwa. Kikatoka kikavu.”

Huenda msomaji asiyetoka kaskazini hajapata kulisikia neno hilo, Daaba. Waborana wa Isiolo hulitumia kuutaja wakati wa vita vya Shifta, wakati ambapo maisha yalisimama. Mwaka 1962, tume ilizunguka eneo lililoitwa NFD kukusanya maoni ya wakazi kuhusu kubaki Kenya au kujiunga na Somalia. Mwezi Juni 1963, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Desemba mwaka huo huo, majuma mawili tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo. Kufikia 1966 wafugaji walikuwa wakikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, kukiwemo Garba Tulla na Merti. Mifugo iliyozoea kuhamahama ilizuiliwa, nyingine ikauawa, nyingine ikafa kwa njaa na maradhi. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalifungua njia ya kumaliza vita, lakini mifugo haikurudi. Mwaka 1970 ikapitishwa sheria iliyowakinga maafisa wa serikali dhidi ya kushtakiwa kwa yaliyotendeka.

Wakenya wangapi hupita Barabara ya Wabera jijini Nairobi kila siku bila kujua aliyeitwa jina hilo ni nani?

Kijana alitoa simu akanionyesha kwamba yeye ‘amehifadhi’ chombo cha akko. Alikipiga picha akaiweka kwenye ‘status’ ya WhatsApp. Baada ya saa ishirini na nne picha ikatoweka, kama ilivyo desturi ya mtandao huo. Hata hivyo, kabla haijatoweka, mtu asiyemjua vyema aliiona na kuahidi pesa nzuri. “Akko, jamaa analipa poa,” kijana alimwambia tena mbele yangu. Bibi alikitwaa chombo mikononi mwangu.

“Utamuuzia na maneno yake?” aliuliza.

Sijapata kusikia maana ya makumbusho ikielezwa vizuri kuliko hivyo. Tuitazame lugha yenyewe. Kutokana na ‘kumbuka’ tunapata ‘kumbusha’, na kutokana na ‘kumbusha’ tunapata ‘makumbusho’, kama vile ‘onyesha’ inavyotupa ‘maonyesho’. Kwa hiyo makumbusho si ghala ya kuweka vitu tu. Ni mahali panapokukumbusha jambo. Kitu kisichokuwa na maneno yake hakimkumbushi mtu chochote. Huwa pambo la sebuleni.

Simwambii mtu atupe simu. Teknolojia ya dijitali imetufaa sana. Mwaka 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake waliofariki. Muda si muda vigango hivyo vikaibwa. Baada ya miaka mingi, kimoja kiligunduliwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois na kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi, na mwaka 2007 familia ikavipokea tena. Isitoshe, mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko ng’ambo umetufahamisha kwamba zaidi ya vitu 32,000 vimo katika taasisi za Ulaya na Marekani. Bila hifadhidata ya kompyuta, orodha kama hiyo ingetushinda.

Lakini tutafakari kisa cha vigango kwa makini. Familia ile ilikuwa na picha. Mbona haikuridhika nayo? Kwa sababu picha husaidia kukitafuta kilichopotea, wala haikai mahali pake. Picha ya chombo cha akko haina uzito. Haina harufu ya moshi. Haionyeshi sehemu iliyolainika kwa kushikwa na mikono ya wanawake wa vizazi viwili. Mtafiti wa kesho atakayetaka kujua nyuzi zile ni za mmea gani hatapata jibu kwenye kioo cha simu. Zaidi ya hayo, picha iliyoko mtandaoni bila mwangalizi hubadilishwa maelezo na yeyote apendaye. Leo itaitwa chombo cha Waborana, kesho mtungi wa ‘Afrika’, keshokutwa itakuwa tangazo la hoteli.

Nakiri kwamba makumbusho nayo yana dhambi zake. Ngoma takatifu ya Wapokomo iitwayo ngadji ilichukuliwa wakati wa ukoloni, na kwa zaidi ya karne moja imekuwa katika bohari ya British Museum jijini London. Makumbusho ya namna hiyo ni kifungo. Mtu akiniuliza kama tunahitaji nyumba za kufungia vitu vya watu, nitajibu hapana. Tunahitaji nyumba zilizo karibu na wenye vitu, ambamo wenyewe wanaingia, wanasimulia na hata kubishana.

Na hapo ndipo Isiolo inaponikera moyo. Msichana wa shule mjini humo akitaka kufika kwenye makumbusho ya taifa yaliyo karibu, atasafiri hadi Meru, yapata kilomita 50. Nairobi ni mbali zaidi. Ilhali Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja makumbusho waziwazi miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Halihitaji jengo la fahari. Vyumba vitatu vyatosha kuanzia: kimoja cha vyombo, kimoja cha kurekodia sauti za wazee, na kimoja cha kompyuta za kuzihifadhia na kuzisambaza. Simu ya kijana wa bodaboda ifanye kazi humo pia. Yeye awe mrekodi wa nyanya yake badala ya kuwa dalali wake.

Haraka ni muhimu. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1966 sasa yuko katika mwongo wake wa nane. Simulizi za Daaba zinazikwa kila mwaka, na hakuna mtambo wa intaneti unaoweza kutafuta kilichokufa kabla ya kurekodiwa.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Simu ni msala mzuri, tuutumie. Lakini nilipomuaga bibi yule, chombo kilikuwa kimerudi ukutani, na mjukuu wake alikuwa bado anatazama simu, akisubiri ujumbe wa mnunuzi.