Mkono wa Nyumbani, Mkono wa Nyundo

Ukitoka Gisenyi kwa barabara ya Kigali na kuliacha Ziwa Kivu nyuma yako, hata kabla hujachoka kutazama vilima umeshafika Nyundo, palipo na kanisa kuu la jimbo Katoliki. Kwa Kinyarwanda inyundo ni nyundo ileile ya fundi tunayoijua kwa Kiswahili. Jina limepafaa, kwani hapo ndipo vijana wa Rwanda wamefundishwa uchongaji, uchoraji na ufinyanzi tangu 1952.

Mwaka huohuo Aloys Bigirumwami aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Nyundo, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika makoloni ya Ubelgiji. Anayetajwa kuwa mwasisi wa shule ya sanaa ya Nyundo ni Bradha Marc Wallenda, mtawa Mbelgiji ambaye 1943 alikuwa ameanzisha shule ya uchongaji huko Gombe-Matadi, Kongo. Shule hiyo ya Kongo ilihamia Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, 1949, na ndiyo mama wa chuo cha sanaa cha Kinshasa.

Wallenda hakutaka wanafunzi wake wanakili kazi za Ulaya. Kule Makerere, Uganda, Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha 1937, alikuwa na imani inayokaribiana na hiyo: aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kisha akawaacha wachore walichokiona akilini. Nawaheshimu wote wawili. Walikataa kumfanya kijana wa Kiafrika kasuku. Hata hivyo, jambo moja hunikera kila nikisoma habari zao: mgeni ndiye aliyeshika kipimo cha Uafrika, naye mwenye Uafrika wake akapimwa.

Maana watoto hao hawakufika shuleni mikono mitupu. Binti alikuwa amekaa miaka mingi ubavuni mwa mama yake akisuka kikapu cha agaseke kwa mkonge na nyasi, akifumuliwa kazi kila alipokosea pindo. Sophie Nzayisenga, mpigaji maarufu wa inanga, zeze la Kinyarwanda, alianza akiwa na miaka sita hivi, mwalimu wake akiwa baba yake mzazi, Thomas Kirusu, aliyekuwa bingwa wa ala hiyo; na kwa desturi inanga ilikuwa ya wanaume. Mtoto hutazama vidole vya mzazi, hujaribu, husahihishwa, hurudia. Leonardo da Vinci naye alilelewa hivyohivyo katika karakana ya Verrocchio mjini Florence, ila yeye alipelekwa kwa fundi asiye baba yake.

Elimu ya namna hii ina udhaifu mmoja: hukaa ndani ya mtu. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 yalifika hadi ndani ya kanisa kuu la Nyundo. Kote nchini, mzee aliyeuawa alikwenda na nyimbo, mishono na mapigo ambayo hakuwahi kumrithisha mwanawe. Yatima hakuwa tena na vidole vya kutazama.

Ndiyo maana naiona shule ya muziki iliyofunguliwa Nyundo mwaka 2014 kuwa jambo kubwa kuliko mafunzo ya ufundi tu. Aliyeiongoza, Jacques Murigande, anayejulikana kama Mighty Popo, alizaliwa Burundi katika familia ya wakimbizi wa Kinyarwanda, akaishi Kanada kama mwanamuziki, kisha akarudi kufundisha. Vijana walisailiwa kutoka pande zote za nchi, wakaketi pamoja na magitaa, ngoma na inanga. Mwimbaji Ariel Wayz, binti wa Rubavu, wilaya ya Nyundo yenyewe, alipita hapo. Aliyekosa baba wa kumfundisha alipata mwalimu, na mwenzake wa dawati akamwonyesha alichopewa na bibi yake.

Baadaye shule ya muziki ilihamishiwa Muhanga. Nyundo wamebaki wenye patasi, udongo na brashi, kama ilivyokuwa kabla magitaa hayajaja.