UMBALI WA ANGANI: DAR ES SALAAM HADI NEW YORK

Leo kila mwanafunzi awe na chungwa moja na kipande cha uzi.

Wengi wenu mmefika Butiama, mkapaona Mwitongo, nyumbani kwao Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1934, akiwa mtoto wa miaka 12, alitoka huko kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Njia hiyo ni yapata kilomita 40. Mtu mzima huimaliza kwa kutembea kutwa nzima. Leo tutapima safari yake nyingine.

Mwaka 1954 wajumbe wa Umoja wa Mataifa walizuru Tanganyika, wakasema yaweza kujitawala katika miaka 20 hadi 25. Serikali ya Uingereza haikupendezwa. Shauri hilo likapelekwa mbele ya Baraza la Udhamini, New York. Nani angewasemea wananchi huko? Chama cha TANU kilikuwa hakijatimiza mwaka, wala hakikuwa na fedha. Watu wakachanga nauli, Mwalimu akapanda ndege.

Sasa shikeni chungwa. Tieni alama mbili, kisha vuteni uzi toka alama moja hadi ya pili. Dunia nayo ni mviringo kama chungwa. Kwa hiyo njia fupi ya ndege ni ile ya uzi uliokazwa, si ile ya rula juu ya ramani. Toka Dar es Salaam hadi New York uzi huo ni kilomita 12,450 hivi. Lakini ndege za siku zile hazikuweza kwenda mbali hivyo bila kutua na kutia mafuta. Basi tuseme tunapitia London:

Dar es Salaam hadi London: 7,490
London hadi New York: 5,570

Jumlisheni. Mmepata 13,060? Vizuri. Mtu atembeaye kilomita 40 kwa siku angetumia siku 327, kama bahari ingekuwa nchi kavu!

Tarehe 7 Machi 1955 Mwalimu alisema mbele ya Baraza. Aliomba ikubaliwe kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika, na kwamba watajitawala. Ajabu ni hii: aliyetoka mbali hivyo hakuruhusiwa kwenda zaidi ya mitaa minane kutoka jengo la Umoja wa Mataifa.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Haikupita hata miaka 7 tangu safari ile.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Ndege ikamrudisha nyumbani, akazikwa Butiama tarehe 23 Oktoba.

Ndugu zangu, mwaka 1955 mambo ya nchi yetu yalikatwa mbali, na kwa hiyo ilibidi mtu aende mbali. Nauli ile ilitoka katika mifuko ya watu wa kawaida kama ninyi.

Maswali:
1. Kwa nini rula haitoshi kupima njia ya ndege?
2. Nauli ya Mwalimu ilipatikanaje?