Chimbuko la Nile na Nadharia Zilizoanguka

Mwaka 1858 John Hanning Speke alilitazama ziwa kubwa kutoka Mwanza akatangaza kwamba ndilo chimbuko la Nile, lakini kauli hiyo ilikuwa nadharia tete, yaani dhana inayosubiri kuthibitishwa au kukanushwa, na hata alipouona mto ukitoka ziwani mwaka 1862 hakuufuata wote. Mwenzake, Richard Burton, alidai kwamba Nile ilitoka Ziwa Tanganyika kupitia mto Rusizi, ingawa huko Uvira wenyeji walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba mto huo huingia ziwani. Ushahidi wa watu wanaoyanywa maji yake, ajabu, haukutosha, hadi David Livingstone na Henry Stanley walipofika mdomoni mwa Rusizi mwaka 1871 wakakuta wenyeji walisema kweli.

Livingstone naye aliamini kwamba mto Lualaba ndio Nile ya juu. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alipima mwinuko wa mto huo huko Nyangwe, yaani kimo chake juu ya usawa wa bahari, akaukuta uko chini kuliko Nile ilivyo Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Stanley, aliyelizunguka ziwa la Speke mwaka 1875, aliufuata Lualaba pamoja na wapagazi kutoka Zanzibar hadi Boma, alikofika Agosti 1877, ikadhihirika kuwa ni mto Kongo. Nadharia ya Speke ilisimama, ila ikarekebishwa, kwa sababu ziwa lenyewe hulishwa na mto Kagera, ambao vijito vyake huanzia Rwanda na Burundi.