William de Warenne: Nasaba iliyofichuka katika daftari la ardhi

William de Warenne, aliyefariki dunia mwaka 1088, alikuwa miongoni mwa makabaila wakubwa wa Kinormani walioivamia Uingereza mwaka 1066. Kwa karne nyingi iliaminika kwamba mkewe, Gundrada, alikuwa binti wa Mfalme William Mshindi. Kumbukumbu za ardhi na barua ya askofu mmoja zimeonyesha vinginevyo.

Chimbuko la ukoo

Jina la Warenne limetokana na Varenne, mahali palipo kusini mwa bandari ya Dieppe, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake aliitwa Rodulf. Utajiri wa William ulitokana zaidi na vita kuliko urithi. Baada ya mapigano ya Mortemer mwaka 1054, mtawala wa Normandy alimnyang'anya Roger de Mortemer ngome yake kwa kumwachia adui atoroke, akampa William, aliyekuwa jamaa ya Roger.

Alipigana Hastings mwaka 1066, naye akatunukiwa eneo la Lewes, kusini mwa Uingereza. Baadaye alipata Castle Acre katika Norfolk, na Conisbrough katika Yorkshire, iliyokuwa mali ya Harold, mfalme aliyeuawa Hastings.

Daftari la mwaka 1086

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1085, mfalme aliamuru ardhi yote ihesabiwe. Matokeo yake ni Domesday Book. Wahesabu waliuliza ni nani aliyemiliki kila shamba kabla ya uvamizi, ni nani anayelimiliki sasa, na lina thamani gani. William alionekana kuwa na ardhi katika kaunti 13, yenye kuingiza zaidi ya pauni 1,100 kwa mwaka.

Kurasa za Norfolk zina maelezo ya ziada. Baadhi ya mashamba yameandikwa kuwa ni badala ya ardhi ya Lewes, kwani eneo hilo lilipunguzwa ili kumpatia kabaila mwingine. Mengine yametajwa kuwa yalikuwa ya mtu aitwaye Frederick. Huyo alikuwa Mflandasi, kaka yake Gundrada. Kwa maneno mengine, mali ya shemeji ilimfikia William, na daftari likahifadhi habari za ukweni.

Binti wa mfalme?

Hati zilizohusishwa na watawa wa Lewes zilimtaja Malkia Matilda kuwa mama yake Gundrada. William na mkewe ndio walioanzisha monasteri hiyo, na dai hilo liliipa heshima ya kifalme. Hata hivyo, mwandishi wa karne ya 12, Orderic Vitalis, alimtaja Gundrada kuwa dada wa Gerbod, kabaila wa Flanders.

Ushahidi mzito zaidi ni wa Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury. Mfalme Henry wa Kwanza alipotaka kumwoza binti yake kwa mwana wa Gundrada, Anselm alipinga kwa sababu ya udugu wa vizazi vya mbali. Lau Gundrada angekuwa dada wa Henry, wachumba hao wangekuwa mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, na askofu asingehitaji kuhesabu vizazi. Hoja hiyo ilichapishwa na mwanahistoria E. A. Freeman mwaka 1888.

Mwisho wa ukoo

Gundrada alifariki wakati wa kujifungua mwaka 1085. William, aliyepewa cheo cha Earl wa Surrey, alikufa baada ya kujeruhiwa katika mapigano ya Pevensey. Mwaka 1845 wajenzi wa reli huko Lewes walifukua masanduku mawili ya madini ya risasi, yenye mifupa na majina yao.

Mfululizo wa kiume wa ma-Earl wa kwanza ulikoma mwaka 1148, mjukuu wake alipouawa katika Vita vya Msalaba. Ardhi ilirithiwa na Isabel, binti wa marehemu, na mumewe wa pili, Hamelin, akachukua jina la Warenne. Mwaka 1347 Earl wa mwisho wa ukoo huo alikufa bila mrithi halali, na sehemu kubwa ya ardhi ikaenda kwa mpwa wake, Earl wa Arundel.

Domesday Book ingalipo, katika Hifadhi ya Taifa huko Kew, London.