Uigaji wa kompyuta: Sehemu nyingi zafuataje wakati mmoja?

UIGAJI ni ufundi wa kuunda mfano wa jambo halisi ndani ya kompyuta ili lichunguzwe bila hatari wala gharama kubwa. Wahandisi huiga safari za ndege, mitandao ya simu na misongamano ya magari.

Nchini Norway, katika miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya Simula. Toleo lake la 1967 lilimwezesha mtunzi wa programu kukieleza kila kitu, kama vile gari au foleni, kuwa sehemu yenye habari na kazi zake. Sehemu iliyotungwa vyema huweza kubadilishwa bila kuvuruga nyingine.

Tatizo huzuka mfano unapozidi uwezo wa kompyuta moja. Sehemu hugawiwa kompyuta kadhaa, na kila moja huhesabu wakati wa mfano kwa kasi yake. Iliyotangulia yaweza kupokea ujumbe kuhusu tukio ambalo wakati wake umeshapita. Hapo ndege hutua kabla ya kuruka, na matokeo yote huwa batili.

Kuna tiba mbili kuu. Ya kwanza, waliyoieleza K. Mani Chandy na Jayadev Misra mwaka 1979, ni ya subira: kompyuta haitekelezi tukio hadi ihakikishe kuwa hakuna ujumbe wa wakati wa nyuma utakaoifikia. Ya pili ni Time Warp, aliyoieleza David Jefferson mwaka 1985. Hapa kompyuta husonga mbele bila kungoja. Ujumbe uliochelewa ukifika, hurudi nyuma, hufuta iliyoyatenda kimakosa na kuanza upya.

Kila tiba ina kasoro yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, kwani muda hupotea bure. Nayo haraka haraka haina baraka, maana hali zilizopita hulazimika kuhifadhiwa au kuweza kurejeshwa.

Kwa sababu hiyo, wabunifu stadi hutenganisha mfano na utunzaji wa wakati. Sehemu hutaja tu ujumbe na wakati wa kufika kwake. Haihitaji kujua iliyo jirani yake iko kwenye kompyuta gani. Kanuni za IEEE 1516, zilizotolewa mwaka 2000, huikabidhi programu ya kati kazi ya kuoanisha wakati huo. Faida yake ni kuwa tiba inaweza kubadilishwa, na kompyuta kuongezwa, bila kuutunga mfano upya.