Viongozi wa okestra za vijana: somo kutoka Venezuela

Ukitamka neno kondakta hapa kwetu, msikilizaji humfikiria yule anayening'inia mlangoni mwa matatu akiita abiria. Kondakta ninayemkusudia leo ni mwengine: ni yule asimamaye mbele ya okestra, fimbo nyembamba mkononi, akiwaongoza wapigaji kwa ishara. Ili tusichanganye mambo nitamwita kiongozi wa okestra, na hasa nitazungumzia wanaoongoza okestra za watoto na vijana.

Programu za namna hiyo zimeingia Kenya. Inayojulikana zaidi ni Ghetto Classics, iliyoanza mwaka 2008 katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, chini ya Elizabeth Njoroge. Lakini mfano ambao programu nyingi duniani hujilinganisha nao ni wa Venezuela, uitwao El Sistema, na mzazi anayetaka kuelewa jambo hili vyema ni bora aanzie huko. Najua miongoni mwetu wapo wanaoona ala za muziki hazifai kidini, na wapo waliokulia kwenye taarab. Hitilafu hiyo ina wenyewe wa kuizungumza. Shabaha yangu ni huyu mtu tunayemkabidhi mtoto.

Kazi yake ni nini

Sisi tuliozoea taarab huenda tukauliza kiongozi wa nini, maana kundi la taarab hupatana lenyewe, na mkongwe wa fidla au ganuni akitikisa kichwa wenziwe wanajua. Okestra kubwa ina watu themanini, mia, au zaidi. Mpiga tarumbeta aliye nyuma hawezi kumsikia vizuri mpiga fidla aliye mbele. Kwa hivyo pana mmoja aliyesoma sehemu za wote. Aghlabu mkono wa kulia hushika mwendo, na wa kushoto huonyesha nani aingie, nani apunguze sauti na nani apandishe.

Hayo ndiyo yanayoonekana siku ya tamasha. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye mazoezi, na kwa okestra ya watoto huwa ni ualimu mtupu. Kiongozi hurahisisha kipande ili aliyeanza juzi naye apate cha kupiga. Humkalisha mgeni kando ya mzoefu. Hujua nani amekosa kuja na kwa nini. Kundi likivurugika, yeye ndiye huamua kama kosa ni la mmoja au ni la wote.

Abreu na vijana kumi na mmoja

Mwanzilishi wa El Sistema ni José Antonio Abreu, aliyezaliwa mwaka 1939 katika mji wa Valera. Alisomea uchumi na muziki pia, akapata kuwa mbunge, na baadaye waziri wa utamaduni. Mwaka 1975 aliitisha mazoezi ya okestra ya vijana jijini Caracas, katika gereji ya kuegesha magari. Mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa ametayarisha vishikio vya nota vya kutosha vijana 100, wakaja 11. Akawaambia kuwa watakuwa miongoni mwa okestra bora duniani.

Mpango wake ulikuwa wa vituo vya mitaani, ambako mtoto huenda baada ya shule, siku kadhaa kwa wiki, na kukaa saa nyingi. Wadogo kabisa huimba na kushika ala za makaratasi, wajifunze kukaa na kushika kabla ya kupewa fidla ya kweli. Aliyetangulia humfundisha anayemfuata. Mtoto huingizwa katika okestra mapema, kinyume na desturi ya kumfungia chumbani na mwalimu mmoja kwa miaka.

Gharama hubebwa zaidi na serikali. Abreu alijua kuzungumza na watawala wa kila rangi, na programu yake ikaendelea serikali zikibadilika. Alifariki Machi 2018. Mnamo Novemba 2021, wanamuziki 8,573 walikusanyika Caracas na kupiga kwa pamoja, wakaandikwa na Guinness kuwa okestra kubwa kuliko zote.

Waliopita mikononi mwake

Maarufu wao ni Gustavo Dudamel, mzaliwa wa Barquisimeto, 1981. Babake alipiga tromboni katika bendi za salsa. Mtoto alitaka tromboni vilevile, mikono ikawa mifupi, akapewa fidla. Alikuwa bado hajafika miaka ishirini alipokabidhiwa Okestra ya Vijana ya Simón Bolívar. Mwaka 2004 alishinda shindano la viongozi la Gustav Mahler huko Bamberg, Ujerumani, na mwaka 2009 akachukua uongozi wa Los Angeles Philharmonic, Marekani. Katika jiji hilohilo, tangu 2007, kuna programu ya watoto iitwayo YOLA iliyojengwa kwa mfano wa kule alikotoka.

Hayuko peke yake. Rafael Payare alikuwa mpiga baragumu katika okestra ya Simón Bolívar. Mwaka 2012 alishinda shindano la Malko nchini Denmark, na leo anaongoza okestra ya Montreal, Kanada. Diego Matheuz, mpiga fidla, alipewa jumba la La Fenice mjini Venice, Italia. Domingo Hindoyan, naye wa fidla, alianza kuongoza okestra ya Liverpool, Uingereza, mwaka 2021. Glass Marcano alikuwa akifanya kazi katika duka la matunda alipoomba kushiriki La Maestra, shindano la wanawake viongozi jijini Paris. Alikwenda mwaka 2020, wakati wa korona, akapewa tuzo ya wanamuziki wa okestra.

Wote hawa walianza kwa kukaa kwenye kiti wakipiga, na kiongozi aliyekuwa mbele yao akaona kwamba fulani anaweza kusimama. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye sifa kubwa ya mfumo huu. Fimbo haikubaki kwa mzee mmoja mpaka kufa kwake.

Yasiyosemwa jukwaani

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na El Sistema ilisifiwa mno. Mwaka 2014 mtafiti Mwingereza, Geoffrey Baker, alichapisha kitabu kilichoonyesha sura nyengine. Alieleza kuwa kiongozi ana mamlaka makubwa, mtoto hana pa kusema, na palikuwa na madai ya walimu kuwa na mahusiano na wanafunzi wao. Wengi walimkasirikia. Mwaka 2021 wanawake wa Venezuela wakajitokeza hadharani kusema walidhulumiwa kingono wakiwa wasichana ndani ya programu hiyo.

Lipo pia suala la nani hasa anafaidika. Utafiti uliofadhiliwa na Inter-American Development Bank na kutolewa mwaka 2017, uliofuatilia watoto zaidi ya 2,900 katika vituo 16, uliona dalili kwamba muziki uliwasaidia baadhi yao kujizuia na kutulia. Lakini uligundua kuwa takriban asilimia 17 tu ya watoto hao walitoka katika familia maskini, ilhali umaskini katika majimbo waliyoishi ulikaribia asilimia 47. Programu iliyojulikana kwa jina la maskini ilikuwa ikiwafikia zaidi wenye nafuu.

Na fedha za serikali zina bei yake. Mwezi wa Mei 2017 kijana mpiga viola wa El Sistema aliuawa katika maandamano. Dudamel, aliyekuwa akilaumiwa kwa kunyamaza, alitoka na kuikosoa serikali waziwazi. Miezi michache baadaye ziara ya okestra ya taifa ya vijana nchini Marekani, ambayo angeiongoza yeye, ilifutwa. Kiongozi alisema neno lake, na waliobaki nyumbani ni vijana waliokuwa wamefanya mazoezi kwa ajili ya safari ile.

Sisi na watoto wetu

Sisemi tuogope. Mtoto kukaa saa tatu akisikilizana na wenziwe arubaini ni malezi, na mtaa wenye vijana wasio na la kufanya jioni unayahitaji. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja anayetiiwa kwa ishara ya kidole na watoto mia ana nguvu nyingi, awe wa okestra, wa timu ya mpira, wa kikundi cha matari au wa darasa. Sisi huwa tunamkabidhi kwa kumwamini tu, kisha tukaona haya kumuuliza.

Muulizeni. Je, mazoezi ya mtoto mmoja mmoja hufanyiwa wapi, na mlango huwa wazi? Mtoto akiwa na shida na kiongozi mwenyewe, ataipeleka kwa nani? Nani analipa gharama, na anatarajia nini kwa malipo yake? Katika waliofundishwa miaka mitano iliyopita, nani leo anafundisha wengine? Kiongozi mwema hatachukia maswali haya, kwa sababu yanamlinda na yeye. Akichukia, mrudisheni mtoto nyumbani mpaka ajibu.